Jinsi korona inavyoathiri afya ya mama mjamzito

Mjamzito aliyeambukizwa virusi vya korona hukabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, na kusaidiwa kupumua kwa mashine, kuliko mwanamke wa umri wake asiye na mimba. Wengi huugua kidogo na kupona. Wanaozidiwa ni wachache, lakini huzidiwa kwa haraka.

Sababu mojawapo ni maumbile yenyewe. Mimba inapokua, mfuko wa uzazi husukuma juu msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, ilhali mahitaji ya oksijeni mwilini huongezeka kwa takriban asilimia 20. Mama hubaki na akiba ndogo ya pumzi, na nimonia ikimpata hana pa kuegemea. Damu yake nayo huganda kwa wepesi, jambo linalomkinga asivuje damu kupita kiasi anapojifungua. Korona huzidisha hali hiyo, na mabonge ya damu huweza kuziba mishipa ya miguu au ya mapafu.

Utafiti uliofanywa katika nchi 18 na kuchapishwa Aprili 2021 ulilinganisha wajawazito 706 walioambukizwa na 1,424 ambao hawakuambukizwa. Katika kundi la kwanza walifariki 11. Katika la pili, mmoja. Aidha, hatari ya shinikizo la damu linalotangulia kifafa cha mimba iliongezeka kwa takriban asilimia 76, na waliojifungua kabla ya wakati walikuwa wengi zaidi. Utafiti mwingine wa mwaka wa 2022, uliohusisha hospitali za mataifa sita ya Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa miongoni mwa wanawake waliolazwa kwa korona, mimba iliongeza hatari ya kifo karibu maradufu.

Kwa mkazi wa Mbaraki, au wa mtaa mwingine wowote wa kisiwa cha Mombasa, lipo tatizo jingine. Pwani ni eneo la malaria, na homa ya mjamzito aghalabu hudhaniwa kuwa malaria. Dhana hiyo si ya kupuuzwa, kwani malaria yenyewe huua. Ila dawa ya malaria haitibu korona, na siku mbili tatu za kungoja nafuu nyumbani ndizo zinazoponza. Vipimo vya yote mawili ndivyo vinavyokata shauri.

Mwaka wa 2020 mama hakutishwa na virusi pekee. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa Machi 13, na kuanzia Machi 27 kukawa na kafyu ya saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 8 usafiri wa kuingia na kutoka Mombasa ulipigwa marufuku, na Mei 6 Mji wa Kale ukafungwa hadi mapema Juni. Uchungu wa uzazi hauna saa. Aliyeshikwa usiku ng'ambo ya kivuko cha Likoni, hatua chache kutoka Mbaraki, alipaswa kupata gari, kupita vizuizi vya polisi na kuvuka maji kabla ya kufika Hospitali Kuu ya Pwani iliyoko kisiwani. Jijini Nairobi, daktari Jemimah Kariuki alianzisha mpango wa kuwasafirisha bure wajawazito nyakati za kafyu. Amri hiyo iliondolewa Oktoba 20, 2021.

Chanjo za kwanza ziliwasili nchini Machi 3, 2021. Wajawazito hawakuwa wamejumuishwa katika majaribio ya awali, na wengi waliingiwa na hofu. Ushahidi uliokusanywa baadaye ulionyesha kuwa chanjo ni salama kwao, na Shirika la Afya Duniani huwaweka miongoni mwa wanaopewa kipaumbele.

Dharura ya kimataifa ilitangazwa kumalizika Mei 5, 2023, lakini virusi vingali vinasambaa. Walio hatarini zaidi ni wajawazito wenye umri wa miaka 35 na zaidi, wanene kupita kiasi, na wenye kisukari au shinikizo la damu. Ni nadra mtoto kuambukizwa akiwa tumboni, na mama mgonjwa anaweza kunyonyesha akiwa amevaa barakoa na kunawa mikono. Kukosa pumzi, maumivu ya kifua, kuumwa sana na kichwa, kuona kiwi, uso kuvimba ghafla, au mtoto kupunguza kucheza tumboni ni dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja tarehe ya kliniki.