Seli mzimu: Uvimbe adimu wa taya na ngozi ambao jicho peke yake haliwezi kuutambua

Kinundu kigumu kwenye shavu la mtoto. Uvimbe usiouma kwenye fizi ya kijana. Ni matatizo mawili yanayoonekana hayahusiani, lakini kipande cha kila kimoja kikiwekwa chini ya hadubini, huenda daktari akakuta kitu kilekile: seli mzimu.

Seli mzimu ni nini?

Ni seli iliyokufa lakini umbo lake limebaki. Kiini cha katikati kimetoweka na mahali pake pameachwa wazi, huku mipaka ya seli ikionekana bado. Ndani yake imejaa keratini, protini ileile inayojenga nywele na kucha. Baadaye seli hizo hukusanya chumvi za kalsiamu na kuwa ngumu. Ndiyo maana baadhi ya vivimbe hivi ukivishika unahisi kama umeshika kijiwe.

Jambo la kwanza la kujua: kuwa na seli mzimu hakumaanishi una saratani. Nyingi hupatikana kwenye uvimbe usio wa saratani.

Kwenye ngozi

Uvimbe wa ngozi unaojulikana zaidi kwa seli hizi ni pilomatriksoma. Ulielezwa mwaka 1880 na Wafaransa Malherbe na Chenantais, waliodhani unatoka kwenye tezi za mafuta. Mwaka 1961, Forbis na Helwig waliupa jina jipya baada ya kuona kwamba chanzo chake ni seli zinazotengeneza nywele.

Huwapata zaidi watoto na vijana, hasa usoni, shingoni na mikononi. Hukua polepole na kwa kawaida hauumi. Dawa yake ni kuutoa kwa upasuaji mdogo, na ukitolewa wote ni nadra kurudi. Mtu akiwa navyo vingi, daktari huuliza pia historia ya familia, kwa sababu wakati mwingine huambatana na magonjwa ya kurithi kama ule unaodhoofisha misuli.

Kwenye taya

Mwaka 1962, Robert Gorlin wa Marekani na wenzake walieleza kifuko cha taya chenye seli mzimu, wakakifananisha na ule uvimbe wa ngozi wa Malherbe. Hadi leo wengi hukiita kifuko cha Gorlin. Kinatokana na mabaki ya tishu zinazotengeneza meno, na hupenda kukaa sehemu ya mbele ya taya, karibu na meno ya mbele na chonge.

Kwenye picha ya eksirei huonekana kama shimo jeusi, mara nyingi likiwa na punje nyeupe ndani. Wakati mwingine kuna jino lililokwama au uvimbe mwingine wa meno uitwao odontoma.

Katika familia hii ya taya kuna ndugu watatu:

• Kifuko cha Gorlin: si saratani. Hutolewa pamoja na ukuta wake, na mara chache hurudi.

• Uvimbe wa seli mzimu unaotengeneza dentini: ni adimu zaidi. Si saratani, ila unaweza kula mfupa ulio jirani na kurudi usipotolewa vizuri. Mara nyingi daktari hukata pamoja na sehemu ya mfupa mzima unaouzunguka.

• Saratani ya seli mzimu: ni adimu mno. Huharibu mfupa, na inaweza kusambaa mwilini. Inaweza kuanza yenyewe au kutokea kwenye uvimbe wa awali ambao haukuwa saratani.

Hata wataalamu wamebishana. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliweka kifuko cha Gorlin kwenye kundi la tumori. Mwaka 2017 likakirudisha kwenye kundi la vifuko.

Kwa nini ngozi na taya zifanane?

Jibu liko kwenye jeni. Mwaka 1999 watafiti waligundua kuwa pilomatriksoma nyingi zina hitilafu kwenye jeni iitwayo CTNNB1, inayotoa maelekezo ya kutengeneza protini ya beta-katenini. Baadaye hitilafu hiyohiyo ikaonekana kwenye kifuko cha Gorlin, na pia kwenye aina moja ya uvimbe unaoota chini ya ubongo, kraniofaringioma. Kumbe jino na nywele, tumboni mwa mama, huanza kwa njia zinazofanana.

Ufanye nini?

Tatizo kubwa ni kwamba hauumi, hivyo watu husubiri. Wengine hung'oa jino wakidhani ndilo chanzo, na uvimbe ukabaki palepale.

Uvimbe wa taya au fizi ukidumu zaidi ya wiki mbili, muone daktari wa meno na upigwe picha. Meno kulegea bila sababu, mdomo kufa ganzi au uvimbe kukua haraka ni dalili za kuwahi hospitali.

Ukifanyiwa upasuaji, uliza swali moja: je, kilichotolewa kimepelekwa maabara? Ndugu wale watatu wanaweza kufanana kwa macho na hata kwenye picha. Kinachowatofautisha ni hadubini, na tiba zao si sawa. Rudi kuchukua majibu, yatunze, na uhudhurie kliniki hata kama kidonda kimepona.