Vumbi, mngurumo na misiba: Mashabiki wakumbukavyo mbio za sprinti za zamani nchini Marekani

MBIO za magari ya sprinti ni miongoni mwa michezo ya magari yenye historia ndefu zaidi nchini Marekani. Kwa miongo mingi zimekuwa burudani ya wikendi katika miji midogo ya majimbo ya Pennsylvania, Ohio, Indiana, Iowa na California.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya historia hiyo haimo vitabuni. Imo katika kumbukumbu za mashabiki waliozishuhudia mbio hizo tangu utotoni, wakiwa wameandamana na baba au babu zao.

Waliokuwa vijana katika miaka ya 1950 na 1960 sasa ni wazee wa miaka 75 na zaidi. Kila mmoja wao anapoaga dunia, huenda na masimulizi ambayo hayapatikani kwingineko.

Lakini kumbukumbu hizo zina utata wake. Enzi ambayo wakongwe wengi huiita ya dhahabu ndiyo pia iliyowaua madereva wengi waliopendwa. Kwa sababu hiyo, kila mazungumzo kuhusu mbio za zamani huishia kwenye swali lile lile: ni kipi hasa cha kuenziwa, na ni kipi cha kushukuru kwamba kimepita?

Gari lisilo na stata

Msomaji aliyezoea mashindano ya Safari Rally, ambapo shabiki hungoja kando ya barabara ili alione gari kwa sekunde chache tu, atazikuta mbio hizi kuwa tofauti kabisa. Magari ya sprinti hushindana katika viwanja vyenye umbo la yai, ambavyo mzunguko wake ni kati ya robo maili na nusu maili, yaani mita 400 hadi 800 hivi. Aliyeketi jukwaani huyaona mashindano yote, tangu mwanzo hadi tamati.

Gari lenyewe ni dogo na jepesi, lina kiti kimoja, na magurudumu yake yako nje ya bodi. Halina betri, halina stata wala sanduku la gia la kawaida. Ili liwake, sharti lisukumwe na lori dogo hadi injini ishike.

Gurudumu la nyuma la kulia ni kubwa kuliko la kushoto, na hivyo gari huvutika lenyewe kuelekea kushoto. Linapofika kwenye kona ya udongo, dereva huliacha liteleze kwa ubavu, huku akiuelekeza usukani kulia ilhali kona inaelekea kushoto. Ustadi huo wa kuteleza bila kupinduka ndio kiini cha mchezo.

Gari la kisasa la daraja la juu lina injini ya takriban lita 6.7 yenye nguvu za farasi zaidi ya 900. Ilhali kiwango cha chini cha uzani wake, dereva akiwamo, ni kilo 635 tu.

Mafuta yake ni methanoli, ambayo moto wake ni vigumu kuuona mchana na mvuke wake huwasha macho. Harufu ya mvuke huo, pamoja na ile ya udongo uliomwagiwa maji, ni miongoni mwa mambo ya kwanza wanayoyataja wakongwe wanaposimulia.

Penseli na kijitabu cha ratiba

Hadi katikati ya miaka ya 1950, injini iliyotawala ilikuwa Offenhauser, yenye silinda nne, iliyoundwa mjini Los Angeles. Ilikuwa ghali, na wenye magari walioimudu hawakuwa wengi.

Mambo yalibadilika baada ya kampuni ya Chevrolet kuanza kuuza injini yake ndogo ya silinda nane mwaka wa 1955. Fundi wa kijijini aliweza kuipata kutoka kwa gari lililogongwa, akaikarabati na kuipeleka uwanjani. Tangu hapo mwenye gereji dogo alipata nafasi ya kupambana na tajiri, na ndipo mashabiki wengi walipoanza kuona majirani zao wakishindana.

Utaratibu wa jioni moja ulifahamika na wote. Kwanza, kila dereva alipimwa muda akiwa peke yake. Zikafuata raundi za mchujo, na hatimaye fainali. Katika viwanja vingi, madereva wenye kasi zaidi waliwekwa nyuma ya wenzao mwanzoni, ili mashabiki wapate kuona jinsi watakavyowapita.

Shabiki wa kweli alinunua kijitabu cha ratiba langoni, akajaza matokeo kwa penseli, na wengine wakabeba saa zao za kupimia muda. Vijitabu hivyo, vyenye madoa ya matope na haradali, leo ni nyaraka za kihistoria. Kwa baadhi ya mashindano madogo, hakuna rekodi nyingine iliyosalia.

Gazeti lililowaunganisha mashabiki wa majimbo mbalimbali lilikuwa National Speed Sport News, lililoanza mwaka wa 1934. Chris Economaki, aliyekuwa mhariri wake kwa miongo mingi, alianza akiwa mvulana mdogo aliyeuza gazeti hilo viwanjani. Lilichapishwa hadi mwaka wa 2011, na Economaki alifariki mwaka uliofuata.

Uso wa dereva

Kinachowatofautisha mashabiki wa enzi hiyo na wa leo ni kwamba wao walimwona dereva. Kabla ya miaka ya 1970, gari la sprinti halikuwa na kizimba cha chuma juu ya kiti. Mabega, mikono na uso wa dereva vilikuwa wazi, na kila alivyopambana na usukani kulionekana kutoka jukwaani.

Huko Pennsylvania, jina linalotajwa kwanza ni Tommy Hinnershitz, mkulima wa eneo la Oley aliyetwaa ubingwa wa kanda ya mashariki mara saba kati ya mwaka wa 1949 na 1959. Alipendelea kupita juu kabisa ya kona, karibu na ua, mahali ambapo wenzake waliogopa kufika.

Viwanja hivyo vilikuwa pia shule ya waliotaka kufika kwenye mashindano makubwa ya Indianapolis 500. A.J. Foyt na Parnelli Jones walipitia humo kabla ya kuwa washindi wa Indianapolis. Mario Andretti, aliyehamia Marekani na wazazi wake kutoka Italia mwaka wa 1955, alipitia humo pia kabla ya kuwa bingwa wa dunia wa mbio za langalanga mwaka wa 1978.

Kwa shabiki wa mji mdogo, hilo lilikuwa jambo la fahari. Mtu aliyemwona Jumamosi akipangusa matope usoni, angeweza kumsoma magazetini mwaka mmoja baadaye akiwa nyota wa taifa zima.

Mwaka wa majonzi

Hata hivyo, uwazi huo uliompa shabiki nafasi ya kumwona dereva ndio uliomwacha dereva bila kinga. Gari lilipopinduka, hakukuwa na chochote kati ya kichwa chake na ardhi.

Bob Sweikert alishinda Indianapolis 500 mwaka wa 1955, na mwaka huo huo akawa bingwa wa taifa. Mnamo Juni 17, 1956 aliuawa katika uwanja wa Salem, Indiana, wenye urefu wa nusu maili, akiendesha gari la sprinti. Mnamo Septemba 1960, Johnny Thomson alifariki baada ya ajali mjini Allentown, Pennsylvania. Hinnershitz aliacha mashindano mwaka huo huo, akarejea shambani, na akaishi hadi mwaka wa 1999.

Mwaka wa 1966 ndio unaotajwa kwa huzuni zaidi. Mwezi Aprili, Johnny Rutherford, bingwa wa sprinti wa mwaka uliotangulia, alirushwa nje ya uwanja wa Eldora, Ohio, gari lake lilipopinduka. Alivunjika mikono yote miwili. Alipona, na baadaye akashinda Indianapolis 500 mara tatu.

Wengine hawakubahatika. Mnamo Juni 11, Jud Larson na Red Riegel waliuawa katika ajali moja mjini Reading, Pennsylvania. Mnamo Novemba 12, Don Branson na Dick Atkins nao wakauawa katika ajali moja kwenye uwanja wa Ascot Park, California.

Mashabiki waliokuwa uwanjani katika siku hizo husimulia kila kona na kila gari lililopitwa, lakini wengi wao hunyamaza masimulizi yanapofikia ajali. Mtoto aliyepelekwa uwanjani kufurahia mbio alirudi nyumbani akiwa ameshuhudia kifo.

Kizimba na bawa

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka wa 1958, Jim Cushman aliweka bawa juu ya gari lake mjini Columbus, Ohio. Bawa hilo hukandamiza gari ardhini linapokimbia, na hivyo kuongeza kasi kwenye kona. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, vizimba vya chuma vilikuwa vimeenea.

Si wote waliofurahia. Baadhi ya mashabiki na madereva walidai kwamba kizimba ni dalili ya woga, na kwamba bawa linamsaidia dereva asiye na ustadi. Malalamiko hayo yangali yanasikika miongoni mwa wakongwe, na mashindano ya magari yasiyo na mabawa bado yana wafuasi wengi, hasa jimboni Indiana.

Kuhusu bawa, hoja yao ina uzito, kwa kuwa gari lisilo na bawa huteleza zaidi na ustadi wa dereva huonekana wazi. Lakini kuhusu kizimba, hesabu ni rahisi. Ajali ambazo zamani zingemuua dereva papo hapo, leo mara nyingi humwacha akitembea kwa miguu yake mwenyewe kurudi kwa mafundi.

Hatari haijaisha. Jan Opperman, dereva mwenye nywele ndefu aliyeshinda mashindano ya kitaifa ya Knoxville mwaka wa 1971 na kupendwa na vijana, alipata majeraha mabaya mwaka wa 1976 na tena 1981, na hakurejea tena katika hali yake ya awali. Mnamo Juni 2013, Jason Leffler aliuawa akiendesha gari la sprinti jimboni New Jersey.

Ambao hawatajwi

Kumbukumbu pia huchagua. Picha nyingi za zamani huonyesha viwanja vilivyojaa wanaume weupe, na katika maeneo mengi wanawake hawakuruhusiwa kuingia sehemu ya mafundi hadi miaka ya 1970.

Hata hivyo, Joie Ray, Mmarekani mweusi kutoka Louisville, Kentucky, alipata leseni ya chama cha AAA mwaka wa 1947, wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa ungali sheria katika majimbo ya kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Cheryl Glass, msichana mweusi wa Seattle, alishindana kwa magari ya sprinti katika uwanja wa Skagit, jimbo la Washington.

Majina yao hayasikiki mara kwa mara katika masimulizi ya jukwaani. Hilo ni onyo kwamba kumbukumbu za mashabiki, pamoja na thamani yake yote, hazitoshi bila watu wa kuzikusanya na kuzilinganisha.

Viwanja vilivyotoweka

Mbali na kupungua kwa mashuhuda, viwanja vyenyewe vimekuwa vikipotea. Uwanja wa Reading ulifungwa mwaka wa 1979 ili kupisha jengo la maduka, na jengo hilo nalo limekwisha kufungwa. Ascot Park ulifungwa Novemba 1990. Manzanita, mjini Phoenix, ulifungwa mwaka wa 2009.

Ipo iliyosalia. Williams Grove, Pennsylvania, uliofunguliwa mwaka wa 1939, ungali na mashindano. Eldora, uliojengwa na mwanamuziki Earl Baltes mwaka wa 1954, ulinunuliwa na dereva Tony Stewart mwaka wa 2004.

Mchezo wenyewe pia ulipata nguvu mpya pale Ted Johnson alipoanzisha msururu wa World of Outlaws mwaka wa 1978, uliowazungusha madereva bora nchini kote. Steve Kinser wa Indiana alitwaa ubingwa wake mara 20.

Kitovu cha kumbukumbu leo ni Knoxville, mji mdogo wa Iowa, ambako mashindano ya kitaifa yalianza mwaka wa 1961 na hufanyika kila Agosti. Makavazi ya sprinti yalifunguliwa kando ya uwanja huo mwaka wa 1992. Humo mna magari yaliyokarabatiwa, kofia za madereva, picha, na majina ya walioenziwa, wakiwamo mafundi, wenye viwanja na waandishi.

Wakongwe hufika hapo na wajukuu wao. Huwaonyesha gari la miaka ya 1960, lenye kiti kilicho wazi na usukani mkubwa, na kuwaeleza jinsi madereva walivyolimudu. Kisha jioni huketi jukwaani pamoja na kutazama magari yenye vizimba yakipita.

Mjukuu haoni uso wa dereva kama babu alivyouona. Lakini gari linapopinduka, akasimama kwa hofu pamoja na maelfu ya watazamaji wengine, kwa kawaida humwona dereva akitoka ndani ya kizimba na kuwapungia mkono. Mwaka wa 1966, babu hakupata kuliona hilo.