Wodi ya Watu wa Kuja

Nachingwea ni mji uliozaliwa na karanga, na karanga zenyewe hazikulipa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kazi, wakasema watalima Kongwa, Urambo na huku kwetu Kusini mpaka Ulaya iliyotoka vitani ishibe mafuta ya kupikia. Kufikia Januari 1951 mpango ulikuwa umekufa na pauni milioni 36 hivi zimekwenda na maji. Kilichobaki ni bandari ya Mtwara, mashamba yenye namba badala ya majina, reli iliyong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hospitali. Kata ya Stesheni ipo mpaka leo. Treni ndiyo haipo.

Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga upande huu tangu usichana wangu hadi kustaafu, na marehemu baba yangu alikuwa dresa, yaani mhudumu wa kufunga vidonda, kabla yangu. Watu wakiandika habari za hospitali hutaja nani alijenga, mwaka gani, kwa fedha za nani. Haya ninayajua na nitayataja. Lakini kwetu hospitali zilianzishwa na watu wa kuja, kwa sababu zao wenyewe, na waliozifanya zikalike ni wenyeji wasio na cheo: dresa, mpishi, mfagiaji, na mama wa makamo aliyekuja kumuuguza binti yake akajikuta anauguza wodi nzima.

Nieleze kwanza wodi hiyo ilikuwa na akina nani. Wamwera ndio wengi, Nachingwea na Ruangwa zote mbili. Kuna Wamakua na Wayao waliotapakaa kutoka Masasi na ng'ambo ya Ruvuma, Wangindo wa upande wa Liwale, Wamakonde walioshuka kutoka nyanda za Newala, na Wangoni walioachwa na vita na vibarua. Uislamu uliingia kwa njia ya misafara ya biashara. Ukristo uliingia Masasi mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowapeleka pale watumwa walioachwa huru. Halafu Wabenedikto wa Kijerumani wakajenga Nyangao na Lukuledi. Ndani ya familia moja ungekuta Hassani na Yohana wamenyonya ziwa moja, na hakuna aliyeona ajabu.

Dawa ya kwanza kuwakusanya watu hawa pamoja haikutoka hospitali yoyote. Ilikuwa maji ya Kinjikitile, mganga wa Maji Maji. Mwaka 1905 Wamwera, wakiongozwa na Selemani Mamba, waliyapokea kutoka kwa majirani zao, wakainuka dhidi ya Wajerumani, na misheni za Nyangao na Lukuledi zikateketea. Tunajua yaliyofuata: bunduki za mashine, ghala zilizochomwa, njaa. Mwaka 1906, moshi haujatulia, Wabenedikto walirudi wakaanzisha Ndanda. Huwa nafikiri juu ya wazee wetu wa wakati ule. Waliambiwa maji yatazuia risasi, wakazika ndugu zao. Mwaka uliofuata anakuja mtu mwingine na chupa nyingine. Si ujinga uliowafanya wasite kunywa, kama tulivyokuwa tukifundishwa darasani. Walikuwa wameshaumwa na nyoka.

Kilichowavuta taratibu ni vidonda. Mtu mwenye donda ndugu lililooza mguu mwaka mzima akipona kwa wiki chache, kijiji kizima kinamwona anatembea. Ndanda ilipata daktari wa kweli kati ya vita vikuu viwili, Sista Thekla Stinnesbeck, na wagonjwa wa ukoma wakapata mahali. Jina la hospitali ile likasafiri kwa miguu hadi Ruangwa.

Lakini mtu ambaye baba hakuacha kumtaja ni Daktari Leader Stirling. Huyu alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1906, akaja Tanganyika mwaka 1935 kwa misheni ya Kianglikana, akawekwa Lulindi, Masasi. Hospitali yake ilikuwa ya kuta za udongo na paa la nyasi, na humo alipasua watu. Mwaka 1949, akiwa ameshahamia Ukatoliki, alikwenda kwa Wabenedikto, wakampa Mnero, katikati ya msitu wa wilaya yetu. Alikaa Mnero hadi mwaka 1964. Mwaka 1958 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, baadaye akawa raia wa Tanzania, na kutoka 1975 hadi 1980 Mwalimu Nyerere alimkabidhi Wizara ya Afya. Alikuwa pia skauti mkuu wa nchi. Alifariki mwaka 2003.

Mimi simsifu kwa uwaziri. Namsifu kwa jambo moja: hakungoja manesi watoke Uingereza. Alichukua vijana wa huku huku, waliojua Kimwera, Kimakua na Kiyao, akawafundisha kazi, tena wakati ambao wengi waliona mtoto wa kijijini hawezi kuaminiwa na sindano. Daktari huyu alikisema Kiswahili vizuri, lakini bibi wa Mbekenyera mwenye homa ya siku nne hazungumzi Kiswahili. Anaweweseka kwa lugha ya mama yake. Anayemsikia ni dresa.

Baba alikuwa Mmakua, mama Mmwera. Nyumbani tulikula kwa lugha mbili na tulichapwa kwa Kiswahili. Alikuwa akitusimulia hospitali ya misheni ilivyoendeshwa enzi zake, na mambo aliyokazia hayamo katika taarifa yoyote ya mwaka. Kwa mfano, nguruwe. Mapadri walifuga, na kitoweo kilipopatikana mpishi wa kwanza hakuona sababu ya kubadilisha sufuria. Nusu ya wodi ilikuwa Waislamu. Walianza kukataa chakula kimya kimya, wakisingizia kukosa hamu, na daktari akaandika kwenye faili kwamba wagonjwa wamepoteza hamu ya kula! Dresa mmoja ndiye aliyekwenda jikoni akapiga alama ya chokaa kwenye sufuria mbili zisizoguswa na nyama ile, kisha akamtafuta mzee Mwislamu wa kijijini awe anachinja kuku wa hospitali. Hakuna mkutano uliokaliwa. Tangu siku hiyo hamu ya kula ikarudi, na faili halikuandika kwa nini.

Na kuhusu kula: banda la wauguzaji nyuma ya wodi ni nusu ya matibabu. Wageni huliona kama uchafu, moshi na kelele. Pale ndipo ugali wa muhogo unasongwa, mbaazi zinachemka, na wakati wa uhaba ming'oko inachimbwa porini na kuletwa. Pale pia Mngoni humkuta mtani wake akamwambia mgonjwa wako akifa nguo zake ni zangu, na mgonjwa mwenyewe anacheka akiwa na mishono tumboni. Nimefanya kazi mahali fulani, sitapataja, ambapo mkubwa mmoja aliamuru banda livunjwe kwa ajili ya usafi. Wagonjwa walianza kutoroka usiku. Banda lilijengwa upya mbali kidogo, likiwa na choo, na mambo yakaisha.

Hospitali ya mjini Nachingwea ilikuwa ya aina nyingine. Shirika la karanga lilikuja na madaktari wake kwa ajili ya watu wake. Enzi hizo matibabu Tanganyika yalipangwa kwa rangi: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake, na vitanda vyenyewe havikufanana. Baada ya Uhuru mpangilio huo uliondoka, hospitali ikawa ya wilaya, na wilaya yenyewe wakati huo ilijumuisha Ruangwa.

Kisha vita vya Msumbiji vikatufikia. FRELIMO ilianza mapigano Septemba 1964, na muda mfupi baadaye kambi yake kuu ya mafunzo ikawekwa Nachingwea, kwenye shamba namba 17 la Waingereza wale wale. Samora Machel aliishi hapo, wakufunzi wa Kichina walipita hapo. Majeruhi wengi walitibiwa Mtwara, kwenye hospitali waliyoipa jina la daktari wa Angola, Américo Boavida. Wakimbizi wa kawaida walipewa makazi, Rutamba kule Lindi na Matekwe ndani ya wilaya yetu. Hao ndio waliojaa kwetu: Wamakonde wa ng'ambo, tuliozoea kuwaita Wamawia, wenye chale usoni, wanawake watu wazima wakiwa na ndonya, pambo la kutoboa, kwenye mdomo wa juu.

Ndonya hiyo ilinifundisha kazi kuliko mwalimu yeyote. Nilikuwa bado mwanafunzi alipoletwa mama mmoja kutoka Matekwe na ngiri iliyobana. Lazima apasuliwe, na mtu wa nusukaputi anasema mdomo hauna budi kuwa mtupu, pasiwe na kitu kinachoweza kudondoka kooni. Mama akagoma. Kwake, kuvua ndonya mbele ya wanaume ni sawa na kuambiwa avue nguo sokoni. Daktari alieleza kwa Kiswahili, mkalimani akaeleza kwa Kimakonde, naye akawa anatazama ukuta. Mfagiaji wetu, bibi wa Kimakonde wa Newala, aliweka ufagio chini akaja. Hakueleza chochote kuhusu upasuaji. Aliuliza tu wanaume wako wangapi chumbani, akawatoa wote, daktari akiwamo. Alivuta khanga akaifunika uso wa mgonjwa, akapitisha mkono chini yake, akaitoa ndonya na kuifunga kwenye pindo la khanga yake mwenyewe. Khanga ilibaki usoni hadi dawa ilipomlaza. Alipozinduka, kabla hajauliza kama kidonda kiko salama, alipapasa mdomo, na kitu chake kilikuwa kimesharudi mahali pake. Yule bibi hakuwa na cheti cha shule hata kimoja.

Suala jingine lililotusumbua miaka yote ni sahihi ya upasuaji. Makabila yetu mengi hapa yanafuata upande wa mama. Mwenye kauli juu ya mwanamke na watoto wake ni mjomba, si mume. Fomu ya serikali haimjui mjomba. Madaktari tuliowapokea kutoka Kilimanjaro au Kagera, ambako mtoto ni wa baba bila mjadala, walikuwa wakimwambia mume atie sahihi, mume anatazama chini, anasema ngoja kidogo. Wakamwona mzembe. Mwanaume yule hakuwa mzembe: akisaini peke yake na mke akafa mezani, ukweni hatakanyaga tena. Sisi wakunga tulizoea kutuma mtu kwa baiskeli mara mama mjamzito anapoonyesha dalili mbaya, kabla daktari hajaamua lolote, ili mjomba awe ameshafika. Masika, barabara ya Ruangwa inapogeuka tope, mjomba wakati mwingine alifika baada ya mtoto. Hapo palikuwa na maneno, na maneno hayo tuliyabeba sisi.

Jando lilikuwa na njia yake. Kule Masasi, Askofu Vincent Lucas alikuwa amethubutu mapema, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha, kuliingiza jando katika Kanisa badala ya kulipiga marufuku, na wamisionari wenzake hawakukubaliana wote. Hospitali ilichelewa zaidi. Wakati wangu wazee walianza kuleta wavulana baada ya mavuno, kundi zima, watahiriwe na mganga mwenye wembe safi, kisha nyakanga anawachukua tena kwenda porini kwenye mafundisho yao. Niliona ni mapatano ya haki: sisi tunachukua kisu, wao wanabaki na nyimbo. Ngariba wa zamani walinung'unika, kwa sababu kuku na kitambaa vilivyokuwa haki yao vilipotea. Hospitali moja niliyofanya kazi ilikuwa na akili ya kumwalika ngariba akae mlangoni, na familia zikaendelea kumpa kuku wake.

Unyago hatukuwahi kuugusa, na nafikiri tungepaswa. Kungwi humweleza binti mambo mengi ambayo kliniki inahangaika kuyasema kwa mabango.

Mwaka 1995 Ruangwa ilijitenga ikawa wilaya yake, na safari ya kuja kwetu ikapungua, ingawa watu wa vijiji vya mpakani bado huchagua kwa kumjua nani yuko zamu. Ada za hospitali zilikuwa zimerudi miaka ya 1990, na tangu hapo ugonjwa wa wakulima umefuata msimu wa korosho: Novemba wanakuja kutibiwa mabusha waliyovumilia tangu Machi.

Sasa Ruangwa wanachimba madini ya kinywe na vijana wanatoka mikoa yote. Tangu wafugaji walipoondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007, Wasukuma na ng'ombe wao wamefika hadi misitu ya kwetu, na wakulima hawajawapokea kwa nderemo. Juzi nesi kijana, mtoto wa jirani, alinipigia simu. Ana mama wa Kisukuma mwenye uchungu tangu alfajiri, hajui Kiswahili, mume yuko machungani, na wodi nzima hakuna anayemwelewa. Nilimuuliza kama ameangalia kwenye banda la wauguzaji. Akasema hapana. Nikamwambia apite kwanza huko, akikosa amtume mtu mnadani kwa wauza ng'ombe, aombe mwanamke, si mwanaume, tena aliyekwisha kuzaa. Baada ya saa moja akanitumia ujumbe kwamba amepatikana muuza maziwa, na kwamba muuza maziwa huyo amekwisha kumfokea kwa kumlaza mgonjwa chali.