Magaga ya Bibi na Mafuta ya Mkani

Mtu wa Kinole hahitaji kuelezwa magaga ni nini. Miteremko ya Uluguru na udongo mkavu wa kiangazi huupasua mguu wa mkulima hadi ukatoka damu. Bibi yangu alikuwa na dawa moja: mafuta magumu ya mbegu za mkani. Alizianika mbegu, akazitwanga, akazichemsha, kisha akayaengua mafuta yalipoelea. Usiku alijipaka nyayoni, nami akanipaka.

Hatukuwa peke yetu. Wahehe nao waliyachanganya mafuta ya miti ya jamii hii na unga wa mbegu nyingine, wakapaka penye nyufa za nyayo.

Sasa tazameni historia ilivyoandikwa. Mwaka 1894 Mjerumani Franz Stuhlmann alifika katika milima yetu. Mtaalamu wa mimea Adolf Engler akaupa mkani jina la Mjerumani huyo: Allanblackia stuhlmannii. Zaidi ya miaka mia moja baadaye kampuni ya Unilever ilizifuata mbegu hizi kwa ajili ya siagi ya mimea, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ukaruhusu mafuta yake kuliwa huko. Katika safari yote hiyo, akina mama wa Kiluguru, ambao ardhi yetu hurithiwa kupitia koo zao, hawakutajwa majina.

Je, bibi alikuwa anakisia tu? Hata kidogo. Mafuta haya huifunika ngozi iliyopasuka na kuzuia unyevu wake usipotee, na ngozi yenye unyevu hujiunga upesi. Lakini tusidanganyane: si dawa ya kuua vijidudu. Kidonda kirefu, chenye usaha, au cha mgonjwa wa kisukari ni cha kupelekwa zahanati bila kukawia. Bibi mwenyewe hakupaka mafuta mguu usiooshwa.

Jina la Stuhlmann limehifadhiwa vitabuni. Maarifa ya bibi hayakuandikwa. Yamebaki vinywani mwa wazee na katika miti iliyosimama msituni. Mkani ukikatwa mbao, na mzee akazikwa kabla hajaulizwa, tutakuja kuyasoma mambo yetu katika lugha za wengine. Basi tuwaulize wangali hai, na tuyaandike.