Printa iliyogoma usiku

Usiku mmoja, nikiwa bado najifunza kazi kwenye gazeti moja (jina naliweka kapuni), ukurasa wa kwanza uligoma kutoka. Printa ikatema karatasi yenye ujumbe mfupi wa kosa: typecheck. Mhariri akafoka, msanifu kurasa akafuta jasho, na mimi nikabaki najiuliza, hivi hii printa inakagua nini?

Kumbe printa ile ilikuwa inasoma PostScript, lugha kamili ya kompyuta. Adobe, kampuni ya John Warnock na Charles Geschke, iliitoa mwaka 1984, na mwaka uliofuata ikaingia kwenye LaserWriter ya Apple. Ni lugha ya rundo. Fikiria sahani za mama ntilie: iliyowekwa mwisho ndiyo inayochukuliwa kwanza. Unaweka 3, unaweka 4.5, unaandika add. Inazichukua zote mbili na kukurudishia 7.5.

Sasa jamani, rundo hilohilo moja linabeba namba kamili, desimali na maneno. Nani anajua kipi ni kipi?

Charles Moore alishajibu kabla: mwandishi wa programu ndiye ajue. Lugha yake, Forth, iliendesha darubini ya redio kule Kitt Peak, Arizona, mwanzoni mwa miaka ya 1970. (Alitaka kuiita Fourth, ila IBM 1130 aliyokuwa akitumia iliruhusu majina ya herufi tano tu!) Kumbukumbu ya kompyuta za enzi zile ilikuwa kiduchu, nafasi ya kubandika lebo kwenye kila kitu itoke wapi? Katika Forth herufi A ni 65 basi, na 65 hiyo yaweza kuwa umri wa babu yako. Ukizijumlisha, haikuulizi kitu. Desimali zina alama yake, F+ badala ya +, na kiwango cha mwaka 1994 kiliruhusu ziwekewe rundo lao pembeni. Ukichanganya, shauri yako.

PostScript ikabandika lebo. 3 na 4.5 inazijumlisha bila kelele. Ipe 3 na neno "habari", inagoma.

Usiku ule nilimlaani Warnock. Leo namwombea mema, maana mashine isiyouliza ingeweza kutuchapia upuuzi wowote, nasi tukauona asubuhi mikononi mwa wasomaji. Ukurasa ulitoka saa nane usiku, msanifu alipoondoa picha moja yenye faili bovu.