Akiba Haiozi

Kwa miaka zaidi ya thelathini niliwafundisha watoto methali isemayo “Akiba haiozi”. Niliiandika ubaoni, nikawataka waitungie insha fupi, na mwanafunzi mmoja aliyeandika kwamba akiba yaweza kuoza nilimpunguzia alama. Sasa nimestaafu, umri wangu umevuka sabini, na ningependa kumwomba radhi mwanafunzi yule popote alipo. Nimeiona akiba iliyooza. Nimeichota kwa koleo na kuisukuma kwa toroli kwa muda wa siku nne.

Akiba hiyo ilikuwa ya marehemu kaka yangu, shambani kwake Ubena, upande wa Chalinze katika Wilaya ya Bagamoyo, si mbali na barabara kuu iendayo Morogoro. Alijenga ghala lile mwaka 1969 kwa matofali ya udongo na mabati, hatua kumi na nne kwa sita, kwa ajili ya pamba, ufuta na mahindi. Lakini kwa miaka mingi ya mwisho halikuingizwa hata gunia moja la mazao. Halikuwa na nafasi. Kaka alikuwa hatupi kitu. Kopo, chupa, kipande cha waya, mpini uliovunjika, kiatu cha mguu mmoja, vyote viliingia na havikutoka. Watu walimcheka, nasi nduguze tulimwonea aibu. Nilipomtembelea nilikuwa nikikaa chini ya mwembe kwa namna ya kulipa ghala kisogo.

Alifariki mwaka 2021. Baada ya arobaini, wanawe walisema ghala lichomwe moto pamoja na vilivyomo, maana wajukuu wanacheza karibu na kuna nyoka. Nilikataa. Sikuwa na sababu kubwa, ila ni tabia ya mwalimu: hachomi daftari kabla ya kulisahihisha. Wakaniambia, “Haya, baba mdogo, basi utuongoze.” Ndivyo nilivyojikuta, katika umri huu, nimevaa viatu vya mpira na kujifunga kitambaa puani.

Siku ya kwanza tulifungua mlango na madirisha tu, tukagonga madebe kwa nje ili waliokwisha kuhamia humo wapate kutoka, tukaacha upepo upite. Siku ya pili tulinyunyiza maji kabla ya kufagia, kwa kuwa vumbi la kinyesi cha panya na popo laweza kumlaza mtu kitandani. Nikaweka sheria moja: mkono usitangulie mahali ambapo jicho halijafika. Chini ya mwembe tukapanga mafungu matatu, la moto, la shimo, na la watu. Betri kuukuu na chupa za dawa ya pamba tulizitenga kando, zisichomwe wala kumwagwa, hadi bwana shamba alipokuja kutuelekeza. Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika na mizani yake, akaondoka na furaha.

Kadiri tulivyochimba niligundua kwamba fujo ile ilikuwa na mpangilio. Kaka alikuwa akirundika, hapangi, kwa hiyo kilichoingia mwisho kilikuwa juu, na kilichoingia mwanzo kilikuwa chini. Tulikuwa tukifukua miaka ya nchi yetu kuanzia mwisho kwenda mwanzo.

Juu kabisa kulikuwa na simu mbovu, madumu ya mafuta ya kula, kamba za nailoni, na mifuko ya plastiki ambayo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Chini yake yakaja marobota ya mitumba na redio za kaseti zilizopasuka, yaani miaka ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, aliyeshika nchi Novemba 1985 na kuendeleza ufunguzi wa biashara ulioanza mwaka uliotangulia. Kisha koleo likagonga kitu kigumu zaidi, na hapo mimi na vijana tukaanza kuona vitu viwili tofauti. Wao waliona takataka. Mimi niliona miaka niliyoishi.

Palikuwa na koroboi za makopo, zaidi ya ishirini. Palikuwa na matairi yaliyokatwa nusu kwa ajili ya katambuga. Palikuwa na magunia ya mahindi ya manjano ya msaada kutoka Marekani, yale ambayo unga wake tuliuita “wa Yanga” kwa sababu ya rangi yake. Palikuwa na vipande vya sabuni vilivyokauka, vidogo kuliko kidole gumba, vimefungwa kimoja kimoja katika karatasi kama dhahabu. Kijana mmoja akaniuliza, “Baba mdogo, mtu anatunzaje kipande cha sabuni kama hiki?” Nikamweleza kwamba upo wakati mama zao walifulia majani ya mpapai.

Ndugu msomaji, ikiwa ulizaliwa baada ya miaka hiyo, sina budi nikueleze kwa ufupi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Oktoba 1978 Idi Amin alivamia Kagera, na vita vile vilimaliza fedha za kigeni ambazo nchi ilikuwa nazo. Mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda tena duniani. Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Nayo mazao yetu ya kuuza nje yalikuwa yakidorora. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, lakini kamba za plastiki ziliishusha bei, na mashamba baada ya kutaifishwa hayakutunzwa vizuri. Katikati ya miaka ya 1980 hatukufikisha hata tani 50,000. Bila fedha za kigeni viwanda vilikosa vipuri na malighafi. Hata kitambaa kilikuwa adimu, ingawa tulikuwa na kiwanda cha Urafiki pale Dar es Salaam tangu mwaka 1968, kilichojengwa kwa msaada wa China.

Serikali ilipanga bei za bidhaa kupitia Tume ya Bei, lakini bei haijazi rafu. Sukari, sabuni, betri, kitambaa, vyote vikawa vya foleni na vya kugawiwa. Watu waliweka jiwe katika foleni usiku ili liwashikie zamu. Mwenye nacho aliuza kwa mlango wa nyuma kwa bei ya kuruka, naye akaitwa mlanguzi.

Machi 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako wa wahujumu uchumi. Sheria maalumu ikapitishwa, watu wakakamatwa kwa mamia, na kesi zao zikapelekwa kwenye baraza la pekee. Walikuwapo walanguzi wakubwa kweli kweli, waliofungia shehena huku watu wakiteseka, na wananchi wengi walimshangilia Sokoine, nami nikiwa mmoja wao. Hadi leo namheshimu. Alikufa kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 pale Dakawa, mkoani Morogoro, akiwa safarini kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, na tulilia. Lakini msako ukishaanza haubagui sana. Habari zilienea za watu waliotupa bidhaa porini na mitoni usiku wasije wakakutwa nazo. Basi nami nina habari yangu, ambayo sikuwahi kuiandika.

Kaka alikuwa na duka dogo hadi mwaka 1976, maduka ya watu binafsi yalipofungwa vijijini ili yaje ya ushirika. Mabaki ya biashara yake aliyaweka ghalani: katoni mbili za sabuni, mafuta ya taa, na jora moja la bafta nyeupe. Hakuwa akiuza. Alikuwa akiwapa majirani palipotokea msiba au uzazi. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu na mwanachama wa Chama, na usiku mmoja wa Aprili 1983 nilipanda baiskeli hadi kwake. Nikamwambia, “Kaka, vitu hivi vitakufunga.” Akanijibu, “Mdogo wangu, jora moja ni ulanguzi?” Nikasema sheria haina ndugu. Ukweli ni kwamba sikuogopa afungwe yeye. Niliogopa iandikwe kwamba kaka wa mwalimu mkuu ni mhujumu. Yeye hakusoma kama mimi, kwa hiyo aliniamini. Usiku ule ule tulivitumbukiza vyote chooni. Nilishika taa mwenyewe.

Mwezi uliofuata, mvua za masika zikinyesha, mama yetu alifariki. Hapakupatikana sanda, si dukani wala kwa mlango wa nyuma. Mwanamke hustiriwa kwa nguo tano. Majirani walichanga mashuka, na pale yalipopungua tuliongeza kitambaa cha mifuko ya unga kilichofuliwa. Maandishi yalikuwa yamefifia, lakini yalisomeka. Kaka aliyatazama, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama chini. Hakuniambia neno siku hiyo, wala siku nyingine yoyote katika miaka 38 iliyofuata.

Ajabu ya mambo ni kwamba Bagamoyo ndiyo wilaya iliyovisha bara. Karne ya kumi na tisa misafara ya wapagazi iliondoka pwani hiyo na mizigo ya marekani, kitambaa kilichopewa jina la nchi kilikotoka, kilicholetwa Zanzibar na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Kitambaa ndicho kilikuwa fedha. Kwa mikono na dhiraa kililipia chakula, ushuru wa machifu na pembe za ndovu hadi maziwa makuu. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe kati ya mwaka 1861 na 1865, pamba ikapungua na kitambaa cha Bombay kikashika nafasi. Miaka mia moja na ishirini baadaye, katika wilaya hiyo hiyo, tulimzika mama kwa mfuko wa unga.

Siku ya nne tulifika sakafuni. Pembeni, chini ya majembe yaliyoliwa na kutu, palikuwa na sanduku la bati lililofungwa kwa kamba ya katani. Vijana walidhani ni fedha. Ndani mlikuwa na bafta mpya, imekatwa na kukunjwa mafungu sita, kila fungu limezungushiwa nailoni. Kaka aliinunua, nadhani, mara tu biashara ilipofunguliwa. Tulizaliwa sita. Mafungu matano yalikuwa yameliwa na mchwa walioingia kwa tundu la kutu, na ukiyagusa yalimomonyoka kama majivu. Moja lilikuwa zima.

Kaka mwenyewe tulimzika kwa sanda iliyonunuliwa Chalinze asubuhi ile ile. Ilichukua muda mfupi sana, na hakuna aliyejua kwamba ya kwake ilikuwa ikimngoja ghalani.

Nilikwenda kwa shemeji nikamwonyesha. Akasema, “Mwalimu, mbona hukujua? Tangu mazishi ya mama hakutupa kitu tena. Nikimwambia hiki kimekwisha kazi, ananijibu, ‘Hata jora lile niliambiwa halina kazi.’”

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Mwaka 1983 tulimwita mlanguzi kila mwenye kuficha, kana kwamba ficho ndilo lililozaa uhaba. Naona sasa kwamba mara nyingi uhaba ndio ulizaa ficho, na ukiondoka humwacha mtoto wake nyuma. Maduka yalijaa tena, barabara ya Morogoro ikajaa malori ya bidhaa, lakini ndani ya kaka mwaka 1983 haukwisha. Madaktari wa leo wana majina ya ugonjwa wa kurundika vitu, na pengine wako sahihi. Lakini kabla ya kumpa mzee jina la ugonjwa, ni vizuri kumuuliza alitupa nini, na kwa amri ya nani.

Hata hivyo siwezi kulisifu ghala. Sabuni iliyotunzwa miaka arobaini haikumwogesha mtoto yeyote. Dawa ya pamba ingeweza kuua mjukuu. Mafungu matano ya sanda yaliwavisha mchwa. Akiba ya hofu huoza haraka kuliko akiba nyingine, kwa sababu mwenyewe haifungui kuitazama.

Ghala sasa ni safi. Tulipaka chokaa, tukaziba matundu, na msimu uliofuata vijana waliingiza mahindi na ufuta. Makaratasi machache niliyoyaona yafaa nimewapa watoto wa kaka, wayatunze wao.

Fungu moja la bafta nililichukua mimi. Limo chumbani, chini ya kitanda, katika mfuko uliofungwa vizuri. Mke wangu amenitania mara mbili kwamba ugonjwa wa shemeji yake umenihamia. Mara ya tatu nilimweleza habari ya taa niliyoishika usiku ule, naye hakutania tena. Kila baada ya miezi michache tunalitoa pamoja, tunalianika juani, tunalikagua pembe zote nne, kisha tunalikunja na kulirudisha.