Kutoka Kaole Hadi Mgunda Mkali

Mgeni anayefika Bagamoyo huonyeshwa yale yale: Ngome Kongwe, boma la Wajerumani, misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Kisha hupelekwa kusini, mwendo wa kama kilomita 5, hadi Kaole, kwenye magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo ya mji uliostawi tangu karne ya 13. Picha zikishapigwa, ziara imekwisha. Mtu wa Manyoni, huko bara kwenye njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu iliyoishia pwani hiyo, ana haki ya kuuliza: na sisi je?

Mwezi Juni 1857 wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walianza safari yao ya bara Kaole, wakiwa na wapagazi, punda na askari wa Kibaluchi. Waliingia Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 7. Kabla ya kufika iliwabidi wavuke Ugogo, nchi ya Wagogo, wapite Mdaburu, kisha waingie katika pori la Mgunda Mkali, ambalo sehemu yake kubwa leo imo mkoani Singida.

Wapagazi waliliogopa pori hilo kuliko milima. Vichaka vimesongamana na maji ni ya kubahatisha, hivyo misafara ilikwenda kwa terekeza: watu hushiba maji, huondoka jua la utosi, hutembea hadi giza, hulala na kiu, na alfajiri hukazana kulifikia dimbwi linalofuata. Aliyeugua njiani mara nyingi aliachwa.

Na kabla ya pori kulikuwa na hongo, yaani ushuru wa kupita. Watemi wa Ugogo walidai merikani, kitambaa cha pamba kilichotoka Marekani, kaniki ya Bara Hindi na shanga, na mashauri yangeweza kuchukua siku kadhaa. Wazungu waliandika kwamba huo ni unyang'anyi. Lakini msafara wa mamia ya watu na punda wao ukikomba kisima wakati wa kiangazi, wenyeji watakunywa nini? Hongo ilikuwa bei ya maji na chakula, ingawa wapo watemi waliozidisha.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871, Mgunda Mkali ulikuwa umeanza kupungua ukali. Wakimbu walikuwa wamehamia humo, wakafyeka misitu na kulima, na msafara uliweza kununua nafaka mahali palipokuwa pori tupu.

Wajerumani nao waliweka boma Kilimatinde, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mahali pa kuchungulia njia yote inayopanda kutoka Ugogo. Boma hilo halikutamba muda mrefu. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ikipitia Saranda, Manyoni na Itigi. Mizigo ikahama kutoka mabegani kwenda kwenye mabehewa, na shughuli za utawala zikaifuata reli hadi Manyoni.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kilimatinde imetajwa humo sambamba na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji. Watalii bado wanaishia pwani.